Kabrasha la Mwalimu: Utunzaji wa Nyaraka za Darasa katika Shule za Kwale

Neno linalosikika katika vyumba vya walimu, kuanzia Waa hadi Vanga, ni faili. Wanaojali usanifu wa lugha hupendelea jalada, ilhali upande wa Tanzania kabrasha ni neno la kawaida ofisini. Maneno haya matatu hutumiwa kana kwamba ni visawe, lakini kuna tofauti yenye manufaa kwa mwalimu. Jalada, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya ngozi, ni gamba la nje. Kabrasha, kwa matumizi ya wengi, ni karatasi zenyewe zilizokusanywa kwa shughuli fulani. Jalada lenye pete za chuma hununuliwa Ukunda kwa dakika tano. Kabrasha humchukua mwalimu mwaka mzima. Makala haya yanahusu kabrasha.

Karatasi za mkaguzi na karatasi za mtoto

Mwalimu wa darasa nchini Kenya hutarajiwa kuwa na azimio la kazi, maandalio ya masomo, kumbukumbu za kazi, rejista ya mahudhurio na rekodi za maendeleo ya wanafunzi. Kila mageuzi ya elimu yameongeza kitu juu ya rundo hilo. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, madarasa yalifurika na orodha za majina zikarefuka. Mwaka 2016 Tume ya Huduma za Walimu ilieneza mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu, maarufu kama TPAD, ambao humdai mwalimu ushahidi wa kila analodai kutenda. Mtaala wa umilisi ulipoingia Gredi ya 1 hadi ya 3 mwaka 2019, maandalio nayo yalibadilika: palipokuwa na shabaha pakawa na matokeo maalumu yanayotarajiwa, pamoja na maswali dadisi, maadili na masuala mtambuko.

Malalamiko ya walimu kwamba karatasi zinawala muda wa kufundisha yana haki. Andalio la somo lililonakiliwa usiku kwa ajili ya mkaguzi halijamfunza mtoto yeyote kusoma. Hata hivyo, si vyema kuzitia karatasi zote katika kapu moja. Zipo zinazomhusu mwalimu na mwajiri wake, na zipo zinazomhusu mtoto. Za kwanza zikipotea, mwalimu ataandika barua ya kujieleza. Za pili zikipotea, huenda mtoto akaja kuhangaika baada ya miaka kumi, wakati mwalimu huyo amekwisha kuhama na kusahau jina lake. Tofauti hii ndiyo inayofaa kuongoza upangaji wa kabrasha, ingawa mazoea ya shule nyingi ni kutanguliza kile ambacho mkaguzi atakiuliza kwanza.

Jina la mtoto

Karatasi ya kwanza ya mtoto ni orodha ya majina, nayo ina matatizo ambayo mwanafunzi wa isimu atayatambua upesi. Wadigo na Waduruma wana sauti ambazo tahajia ya Kiswahili sanifu haina. Mtoto aitwaye Tsuma huandikwa Chuma na mwalimu mmoja, Suma na mwingine. Dzombo hugeuka Zombo au Jombo. Kwa wasichana, Mwanahamisi na Mwanamisi huweza kuwa mtu mmoja au watu wawili. Isitoshe, mtoto huitwa kwa jina lake, la babake na la babu yake, lakini nyumbani ana jina la utani ambalo ndilo pekee analojibu akiwa Gredi ya 1. Mwalimu aliyetoka mbali huandika anachosikia.

Kosa hilo halionekani kuwa kubwa mpaka wakati wa kusajili watahiniwa, jina linapotakiwa kulingana na cheti cha kuzaliwa. Herufi moja iliyozidi katika Gredi ya 1 huweza kusafiri hadi kwenye hati ya mtihani, na kuirekebisha hapo ni safari za ofisini, ada na kiapo mbele ya wakili. Kwa sababu hiyo, ukurasa wa mbele wa kabrasha haufai kuwa ratiba ya vipindi bali orodha iliyonakiliwa herufi kwa herufi kutoka kwenye vyeti vyenyewe, si kutoka kwenye rejista ya mwaka uliopita. Pembeni pa kila jina huandikwa nambari ya cheti. Asiye na cheti huwekewa alama kwa kalamu ya risasi, ifutwe siku cheti kitakapopatikana. Jina la kuitwa darasani laweza kuandikwa katika safu yake lenyewe. Halina madhara likikaa mahali pake.

Safu ya vyeti ina uzito wa pekee katika kaunti hii. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani waliishi Kwale kwa vizazi kadhaa bila uraia. Mnamo Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki hiyo, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kwale na Kilifi walisubiri hadi mwaka 2023. Katika miaka yote hiyo watoto wao walikuwa wakiingia madarasani. Kwa mtoto ambaye serikali haikumwandika popote, kitabu cha kusajili wanafunzi na hati ya kumaliza shule vilikuwa miongoni mwa maandishi machache yaliyoonyesha kwamba aliishi Msambweni mwaka fulani, akiwa na umri fulani. Hata leo, mzazi anayechelewa kusajili kuzaliwa kwa mwanawe huulizwa vielelezo, na karatasi za shule ni miongoni mwa vinavyokubaliwa. Mwalimu anayeacha nafasi ya tarehe ya kuzaliwa wazi, au anayewapa watoto watano tarehe moja ya Januari ili amalize kazi haraka, anatia kasoro katika ushahidi huo.

Alama zisizosubiri mwisho

Zamani za KCPE, ambayo ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, alama za muhula zilikuwa za kumtia mtoto shime. Mtihani mmoja ndio ulioamua. Hali hiyo imebadilika. Katika utaratibu wa KPSEA, uliotumika kwanza mwaka 2022, asilimia 60 ya matokeo hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 4, ya 5 na ya 6, asilimia 20 kila gredi, na mtihani wenyewe huchukua 40. KPSEA nayo huhesabiwa kuwa asilimia 20 ya matokeo ya Gredi ya 9, ambayo mtihani wake wa kwanza, KJSEA, ulifanywa mwaka 2025. Kazi aliyoifanya mtoto Diani akiwa na miaka tisa inamfuata mpaka mlango wa shule ya sekondari ya juu.

Alama hizo hupakiwa katika tovuti ya Baraza la Mitihani, na baadhi ya walimu huona kwamba zikishapakiwa karatasi haina kazi tena. Huo ni uamuzi wa haraka. Tovuti huhifadhi alama tu. Haionyeshi ni kazi gani iliyofanywa, wala kwa nini mtoto aliwekwa katika kiwango cha kukaribia matarajio badala ya kufikia. Mzazi akiuliza, au umeme ukikatika na mtandao kulemewa siku ya mwisho, jibu hutoka kwenye kabrasha. Orodha ya alama itiwe sahihi na tarehe siku ya tathmini, kisha ipigwe picha kwa simu.

Chumvi, mvua na mchwa

Ushauri mwingi kuhusu majalada umeandikwa kwa nchi kavu na baridi. Gazi au Shimoni, upepo wa bahari huitia kutu pete ya chuma mapema, na kutu hiyo hula tundu la karatasi hadi likachanika. Pini za kubania ni mbaya zaidi, kwa kuwa huacha doa jekundu juu ya maandishi. Uzi wa pamba au kijikamba cha plastiki hudumu kuliko pete. Mvua za masika zinapoanza, karatasi hunyonya unyevu na wino wa maji husambaa, afadhali biro. Mchwa hupanda kutoka chini kupitia ukutani, hivyo sanduku liwekwe juu ya matofali, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa huonekana kinga nzuri, kumbe hufungia unyevu ndani na kuotesha kuvu. Katika siku za jua, kabrasha lifunguliwe kivulini lipate hewa.

Mpangilio wenyewe hauhitaji ufundi. Sehemu nne zatosha: majina na mahudhurio, azimio, maandalio na kumbukumbu za kazi, tathmini, na mawasiliano na wazazi. Barua za Tume, nakala za vyeti vya mwalimu na karatasi za TPAD zikae katika jalada jingine, nyumbani. Kinachowashinda wengi ni kutia karatasi mahali pake kila siku. Robo saa mara moja kwa juma huleta matokeo kuliko siku nzima mwishoni mwa muhula, na Alhamisi inafaa kuliko Ijumaa mahali ambapo mchana wa Ijumaa ni wa swala.

Asiyekuwepo

Rejista hujazwa kwa mazoea, na mazoea huificha habari iliyomo. Alama ya kutokuwepo haitoshi. Sababu ndiyo yenye thamani. Mtoto wa mvuvi huenda amefuata wazazi dagoni na atarudi upepo utakapogeuka. Huyu hakuacha shule, na kumfuta katika orodha ni kumwongezea taabu ya kusajiliwa upya. Mwingine hukosa kila siku ya soko. Vichiti vya wazazi, hata vilivyoandikwa juu ya karatasi ya sukari, vihifadhiwe katika bahasha yenye jina la mwezi.

Kuna kutokuwepo kwa namna nyingine. Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha ukubwa wa unyonyaji wa kingono wa watoto katika maeneo ya utalii ya pwani, Kwale ikiwemo. Msichana anayeanza kukosa Ijumaa na Jumatatu, kisha juma zima, huonekana kwanza katika rejista, kabla jirani au chifu hajajua. Lakini mwalimu asiandike tuhuma katika ukurasa unaopitiwa na kila anayeazima kabrasha. Tarehe ziwe katika rejista. Maelezo yawe katika bahasha iliyofungwa, mikononi mwa mwalimu mkuu au afisa wa watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazigusa habari za wanafunzi pia, na picha za orodha zisitumwe ovyo katika makundi ya simu.

Makabidhiano

Walimu huhama. Sera ya kuwapeleka walimu mbali na maeneo ya nyumbani, iliyotekelezwa kuanzia mwaka 2018, iliwatoa wengi madarasani ghafla, na hata bila sera hiyo uhamisho, uzazi na kustaafu havikomi. Fasihi ya pwani yenyewe inadaiwa na mwalimu aliyetunza karatasi: tungo za Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zingalipotea kwa sehemu kubwa kama Mwalimu Sikujua hangalizikusanya na kuziandika, na kama William Taylor hangalizihifadhi nakala hizo, ambazo leo ziko London. Rejista ya Gredi ya 4 si diwani, lakini nayo humhitaji mtu wa kuipokea.

Anayeondoka aandike karatasi moja ya makabidhiano: idadi ya wanafunzi, majina yasiyo na vyeti, tathmini zilizopakiwa na ambazo bado, watoto walio dagoni na mwezi wanaotarajiwa kurudi. Iwe na nakala mbili zilizotiwa sahihi na wote wawili mbele ya mwalimu mkuu. Moja hubaki ofisini. Nyingine huwekwa mbele ya kabrasha, juu ya orodha ya majina, ili mwalimu mgeni aisome kabla ya kuita jina la kwanza.