Faili la Boda: Ninavyoweka Msimbo wa Jeraha la Kichwa

Faili la majeruhi wa boda likifika mezani kwangu hapa Busia, mara nyingi ukurasa wa kwanza una herufi chache tu: RTA, HI. Ajali ya barabarani, jeraha la kichwa. Ukiishia hapo, ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, itakupeleka S09.9, jeraha la kichwa lisilobainishwa, na aliyelala hajitambui atahesabiwa pamoja na aliyejigonga mlangoni.

Ukurasa huo naupita. Natafuta majibu ya picha ya CT, maandishi ya chumba cha upasuaji, kisha muhtasari wa kuruhusiwa. Ninachotaka kujua ni nini kilitokea ndani ya fuvu, maana huko ndiko iliko S06. Mtikiso wa ubongo ni S06.0. Damu iliyovilia kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo ni S06.4, ikiwa chini ya utando huo, S06.5. Usikisie: picha ikiwa kimya, mfuate daktari wodini. Na fuvu likivunjika pamoja na ubongo kuumia, S02 huandikwa, lakini kwa mgonjwa aliyelazwa jeraha la ubongo ndilo hutangulia.

Wazee ndio hunichelewesha. Mzee anakuja na maumivu ya kichwa ya wiki kadhaa, picha inaonyesha damu chini ya utando. Je, alianguka? Kama alianguka, S06.5. Kama hakuumia popote, ni I62.0, na anahamia kabisa kwenye sura ya magonjwa ya mfumo wa mzunguko wa damu. Swali hilo ni la daktari, si letu.

Barua ya rufaa kutoka Tororo au Malaba usiifungie nyuma ya faili. Mara nyingi ndiyo yenye alama za kwanza za Glasgow, kipimo cha fahamu cha Teasdale na Jennett cha mwaka 1974: 15 ni mzima wa fahamu, 8 kushuka ni hali mbaya. Alama hizo pekee hazikupi S06, kwani hata waragi humshusha mtu, lakini zinakupa sababu ya kumrudia daktari aliyeandika HI tu.

Halafu kuna msimbo ambao wengi huuruka: chanzo. RTA peke yake inaishia V89.2, gari lisilobainishwa. Katika mpaka huu wa Kenya na Uganda, ambako boda zilianza na baiskeli za kuvusha watu miaka ya 1960, hilo ni aibu kidogo. Mwendesha pikipiki aliyegongana na lori barabarani ni V24.4, abiria wake ni V24.5. Pikipiki ikianguka yenyewe, V28. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na boda, V02.1. Daktari akiwa hajaandika, jamaa anajua: "Mama, kijana alikuwa anaendesha au amebebwa?" Jibu huja upesi, nami namwomba afisa wa kliniki aliandike kwenye faili na kutia saini kabla sijaligusa.

Majeruhi akifariki, usiache kamwe msimbo wa chanzo. Katika takwimu za vifo chanzo cha msingi ni V. S06 inaeleza tu aliumiaje.