Nasomeshwa na kijana, naona haya kuuliza

Shangazi, mimi ni fundi magari, nina miaka 51. Nilikulia kwenye kabureta. Gari likipita tu, mlio ulinitosha kujua ugonjwa wake. Siku hizi magari yanapimwa kwa kompyuta na wateja wanahamia kwa vijana. Nimejiandikisha kozi ya umeme wa magari, lakini mwalimu ni rika la mwanangu. Nisipoelewa naona haya kuuliza mbele ya watoto wanaoniita mzee. Nataka kuacha. Wanasema ujuzi hauzeeki, mbona wangu umezeeka?
Fundi, Morogoro

Fundi, usiache. Kinachokusumbua ni mazoea ya kuwa na jibu kabla ya swali, na hayo yanawapata hata hao vijana.

Tuseme gari linamisi. Mnaunganisha mashine ya kupimia, inatoa namba P0301. Maana yake silinda ya kwanza haichomi sawasawa, basi. Haikuambii kama tatizo ni plagi, koili, nozeli au kompresheni. Kijana akishaiona namba anakimbilia kubadilisha plagi. Fundi wa zamani asiyeitaka mashine naye anabadilisha plagi, kwa sababu tangu zamani "huwa ni plagi". Mteja analipa, misi iko palepale. Mwenye kutaka kujua anahamishia koili ya silinda ya kwanza kwenye ya pili, anafuta namba, anawasha tena. Ikija P0302, koili ndiyo mbovu. Isipohama, anaiacha koili na kupima kinachofuata. Huyo ndiye mwanafunzi, hata awe na mvi.

Kwa hiyo masikio yako yaliyozoea milio usiyatupe. Yazuie tu yasitoe hukumu kabla ya kipimo.

Sasa fanya hivi. Huyo kijana muite mwalimu, na usipoelewa mwambie: "Mwalimu, hapo nirudie." Kuuliza si ujinga, na huenda nusu ya darasa walikuwa wanasubiri mtu wa kuuliza. Wanaokuita mzee wanakuheshimu, hawakucheki. Tafuta mmoja wao mbadilishane: yeye akuelekeze kusoma mashine, wewe umfundishe kusikiliza injini. Kila ulichosoma, kirudie siku hiyohiyo kwenye gari lililopo gereji kabla hakijapotea.

Umeshajiandikisha, fundi. Kesho kaa mbele, na swali la kwanza liwe lako.