Kambi ya Masomo Chome: Hesabu za Mlima na Bonde la Majimaji

Milima ya Pare Kusini, katika Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro, ni sehemu ya ile safu ya milima ya kale iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia Vilima vya Taita nchini Kenya na kufika Udzungwa, kusini ya kati ya Tanzania. Kilele chake cha juu kabisa ni Shengena, chenye mwinuko wa meta 2,462 hivi kutoka usawa wa bahari. Kilele hicho kimo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Magharibi yake, chini ya mlima, umo mji wa Same kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, katika nchi kavu ya migunga na mibuyu. Upande wa pili mlima huteremka hadi mbuga za Mkomazi na mashamba ya mpunga ya Ndungu.

Kwa mwalimu wa jiografia, biolojia au fizikia, si rahisi kupata darasa lililo bora kuliko hili. Katika siku tatu mwanafunzi aweza kupita katika nchi ambazo kwenye kitabu zimetenganishwa kwa sura nzima. Lakini utajiri huo ndio uletao hatari. Safari nyingi za shule hupangwa kwa hali ya hewa ya mahali basi linapoegeshwa, ilhali usiku hulalwa mahali pengine kabisa.

Baridi inavyokokotolewa

Kwa wastani, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 0.65 za Selsiasi kwa kila meta 100 za kupanda. Mji wa Same uko kwenye mwinuko wa meta 870 hivi. Ikiwa kambi itawekwa kwenye meta 1,900, tofauti ya mwinuko ni meta 1,030, na kwa hiyo joto litapungua kwa nyuzi 6.7. Kama alfajiri ya Julai kipimajoto cha Same chasoma nyuzi 17, kambini kitasoma karibu nyuzi 10. Shengena yenyewe itakuwa na nyuzi chache zaidi ya 6.

Nyuzi 10 si baridi ya kuua mtu aliye mkavu, aliyeshiba na kujifunika. Tatizo ni unyevu. Pepo za kusi, zivumazo kutoka Bahari ya Hindi katikati ya mwaka, hulazimika kupanda zinapoukuta mlima. Hewa hupoa, mvuke hutonesha, na upande wa mashariki hufunikwa na ukungu na manyunyu hata katika miezi ambayo Same haioni tone la mvua. Mji huo uko katika kivuli cha mvua, nao hupata milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka. Mwanafunzi aliyetoka huko na shati moja la pamba, akalowa jasho akipanda na kisha akalowa ukungu akipumzika, hupoteza joto upesi mno, kwani maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa tulivu. Kutetemeka, kisha ulegevu, usemi wa kubabaika na usingizi usio wa kawaida ni dalili kwamba joto la mwili limeshuka. Mtu huyo avuliwe nguo mbichi, avikwe kavu, akingwe na upepo, na akiwa na fahamu zake apewe kinywaji chenye moto na sukari. Kumwacha alale “kwa kuwa amechoka” ni kosa kubwa.

Kwa hiyo kila mwanafunzi hana budi kuwa na sweta la sufi au la nyuzi za viwandani, koti la mvua, na nguo moja kavu ya kulalia iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ambayo haivaliwi mchana kwa sababu yoyote. Sweta la mtumba latosha kabisa.

Hapa lazima litajwe jambo moja ambalo mwalimu asiliache kwa matumaini kwamba kila mtu analijua. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya hema, hata kama linaonekana limekwisha kuwa majivu. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na huenda asiamke. Hema lililofungwa vizuri kuzuia baridi ndilo linaloikusanya gesi hiyo upesi zaidi. Kagua mahema yote kabla ya taa kuzimwa.

Mahali pa kulala

Mabonde ya milimani yenye majimaji huvutia macho: majani ni mabichi, ardhi ni tambarare, maji yako karibu. Mgeni hutaka kupiga hema papo hapo. Ni mahali pazuri pa kuchunguza na pabaya pa kulala.

Sababu ya kwanza ni ya kifizikia. Usiku ardhi hupoteza joto kuelekea angani. Hewa inayogusa miteremko hupoa, huwa nzito, na hutiririka polepole hadi chini kama yafanyavyo maji. Chini ya bonde huwa ziwa la hewa baridi, na meta 20 au 30 juu yake huenda pakawa na joto zaidi. Hivyo kanuni ya nyuzi 0.65 hugeuzwa kwa muda, na wanafunzi waweza kulithibitisha kwa vipimajoto viwili visomwe kwa wakati mmoja kila saa.

Sababu ya pili ni bonde lenyewe. Udongo wake mweusi umejaa mabaki ya mimea ambayo, kwa kukosa oksijeni, hayakuoza yote. Udongo wa namna hiyo hufyonza maji ya mvua na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Miguu 30 ikipita mahali pamoja kwa siku mbili huushindilia, na njia ya miguu hugeuka mfereji unaoyatoa maji nje. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka vyanzo vya maji. Kambi ya siku tatu nayo ifuate kipimo hicho hicho, kwa hema na kwa choo. Choo kichimbwe upande wa chini wa chemchemi, kamwe si juu yake.

Basi mahali pafaapo ni bega la mlima: juu ya bonde, chini ya ukingo wenye upepo, nje ya matawi makavu. Uamuzi wa mwisho si wa mwalimu peke yake. Kibali cha kuingia hifadhini hutafutwa mapema, na mwongozaji wa mwenyeji ni wa lazima. Wapare wana pia misitu midogo ya kimila, iitwayo mpungi na mshitu, ambayo haiingiwi bila idhini ya wazee. Katika baadhi ya sehemu ndiyo iliyobaki na miti ya asili, na mzee aulizwaye kwa heshima aweza kutoa somo la hifadhi lisilopatikana katika silabasi.

Maji, moto na chungu

Kwa kunywa na kupika, lita 5 kwa mtu kwa siku ni kiasi cha chini. Watu 30 watahitaji lita 150, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Kama kambi iko meta 60 juu ya mto, kazi ya kuyainua maji hayo ni 150 × 10 × 60, sawa na jouli 90,000, bila kuhesabu uzito wa wabebaji wenyewe. Chakula kitoacho nishati hiyo hakijai kijiko kimoja cha sukari, jambo ambalo mabega hayatalikubali.

Maji yote ya kunywa yachemshwe. Kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi 1 hivi kwa kila meta 300, kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua juu. Kwenye meta 1,900 maji huchemka yakiwa na nyuzi 94. Joto hilo bado huua vijidudu viletavyo maradhi, hasa yakiachwa yatokote kwa dakika tatu, lakini maharage yatachelewa sana kuiva. Yalowekwe tangu usiku uliotangulia na sufuria ifunikwe, la sivyo wanafunzi watakula saa 4 usiku. Kuni za hifadhini zisikatwe. Jiko la gesi au la mafuta ya taa lipikie nje. Mimea ya jamii ya Erica iliyo karibu na vilele hushika moto upesi sana wakati wa kiangazi.

Mwendo

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni rahisi: saa moja kwa kila kilometa 5, na saa moja zaidi kwa kila meta 600 za kupanda. Njia ya kilometa 10 yenye mwinuko wa meta 600 yahitaji saa 3. Kwa vijana wenye mizigo kwenye tope, ongeza nusu yake, na mapumziko ya saa moja: jumla ni saa 5 na nusu. Kundi liondokalo saa 3 asubuhi litafika saa 8 na nusu mchana. Liondokalo saa 7 mchana kwa sababu basi lilichelewa litafika saa 12 na nusu jioni, jua likizama, na ndani ya msitu giza hutangulia. Kundi hilo lilale chini na lipande kesho.

Wasipokimbizwa na muda, wataona mengi. Mkulo, mti mkubwa wenye harufu ya kafuri, jina lake la kisayansi Ocotea usambarensis, ulikatwa mno kwa mbao zake, na visiki vyake ni somo kama ulivyo mti mzima. Kuna pia ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, Zosterops winifredae, asiyejulikana kuishi popote duniani ila Pare Kusini. Jina lake lamkumbuka Winifred Moreau, mke wa Reginald Moreau, mtafiti wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, Usambara.

Usiku wa tambarare

Kundi likishuka Ndungu au Mkomazi, maadui hubadilika. Kimelea cha malaria aina ya Plasmodium falciparum hakikui ndani ya mbu joto likiwa chini ya nyuzi 16 hadi 18. Ndiyo maana malaria ni chache juu na nyingi chini. Katika miaka ya 1950 eneo hili la Pare na Taveta lilikuwa uwanja wa jaribio mashuhuri la kunyunyiza dawa ya dieldrin majumbani. Maambukizo yalishuka sana, yakapanda tena baada ya unyunyizaji kusimamishwa. Vyandarua vibebwe hata kama siku mbili za kwanza havitafunguliwa. Maji yaliyotulia ya tambarare yasiogewe, kwa sababu ya konokono wa kichocho.

Mazoezi ya kambini

1. Wapare huchimba ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe mashambani asubuhi kwa zamu. Mwanafunzi apime sekunde zinazohitajika kijito kujaza ndoo ya lita 20. Ikiwa ni sekunde 5, je, ndiva yenye urefu wa meta 15, upana wa meta 8 na kina cha meta 1.5 itajaa kwa saa 12? Na mwezi wa kiangazi, ndoo ijaapo kwa sekunde 20, ni sehemu gani ya ndiva itapata maji?

2. Chombo kimoja cha kupimia mvua kiwekwe chini ya mti mkubwa, kingine mahali pa wazi, usiku wa ukungu usio na mvua. Ni kipi kitakuwa na maji asubuhi, na kwa nini?

3. Mwanafunzi alinganishe majibu ya maswali hayo mawili, kisha aeleze ndiva ya swali la kwanza itakuwaje endapo miti iliyo juu yake itakatwa.