Chini ya Sweta

Huku kwetu Lushoto baridi ya Julai imeshaanza kuuma vidole. Ukungu unakaa Magamba mpaka jua lipande sana, na kila unayekutana naye njiani amevaa sweta, juu yake koti, juu yake kitenge. Nimeanza na baridi kwa makusudi, mtaona kwa nini.

Kuna binti wa miaka 22 kaniandikia. Anamhudumia bibi mmoja katika kijiji kilichopo juu ya Soni, na mambo machache nimeyageuza ili asijulikane. Bibi alipata kiharusi: upande wa kulia hauna nguvu na maneno yanamtoka nusunusu. Mwanawe yuko Dar es Salaam, ndiye anayetuma mshahara kwa simu kila mwisho wa mwezi. Nyumbani anaishi mjukuu, kijana mkubwa, na baba yake akiwa mbali yeye ndiye mwenye kauli. Binti anafika asubuhi, jioni anarudi kwao.

Anasema: "Dada, wiki iliyopita nilimvua bibi sweta nimwogeshe, nikakuta alama nne za bluu zimepangana kwenye mkono, karibu na bega, na moja upande wa pili. Nikimuuliza anageuzia uso ukutani. Halafu nimegundua mjukuu hampi maji kuanzia saa kumi na moja jioni, eti akinywa atakojoa kitandani. Nikisema, kazi sina. Nikinyamaza, chakula hakipiti. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, pole. Na hongera pia, maana umeona, na huku kwetu kuona si kazi ndogo. Tanga mjini mtoto akivaa mikono mirefu Februari saa saba mchana, jirani atauliza. Lushoto nani aulize? Wote tumejifunika kuanzia shingoni. Mwili wa mgonjwa wa kitandani, au wa mtoto mwenye ulemavu asiyejiweza, unaonekana na mtu mmoja tu: anayemwogesha. Mwenyekiti wa kitongoji hauoni, shehe hauoni, mchungaji akija kumwombea anaona uso na kitenge. Wewe ndiye umeona.

Sasa tuzisome hizo alama kwa haki. Nne upande mmoja na moja upande wa pili zinafanana na vidole vya mkono uliobana, kidole gumba kikiwa peke yake. Zinafanana, basi. Inawezekana bibi aliteleza na mtu akamdaka asianguke. Ngozi ya mzee ni nyembamba, inavilia damu upesi, na baadhi ya waliopata kiharusi hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, hivyo mguso mdogo unaacha doa kubwa. Hata kwa watoto wachanga nimeshaona mama wa watu akitazamwa vibaya kwa sababu ya madoa ya bluu kiunoni na makalioni mwa mwanawe, kumbe ni madoa ya kuzaliwa, wengi wetu tulikuwa nayo. Kwa hiyo alama haikwambii ni nani wala kwa nini. Inakwambia uliza, na uendelee kutazama: zikirudi, zikitokea mahali ambapo mtu haangukii, kama ndani ya mapaja au nyuma ya masikio, au kila mtu akitoa maelezo yake, hapo jambo limebadilika.

Kilichonishtua zaidi katika barua yako ni maji.

Bibi anayekaa na kiu kutoka saa kumi na moja jioni mpaka unapofika asubuhi ni zaidi ya saa kumi na mbili, kila siku. Mkojo wake unakuwa mzito na mkali, unamuunguza, unaweza kumletea maambukizi, na maambukizi ya mkojo kwa mzee yanaweza kumfanya achanganyikiwe, watu waseme "bibi ameanza kurukwa na akili". Choo kinakuwa kigumu. Na akilowa asigeuzwe, vidonda vya mgongoni havichelewi. Kumnyima mtu maji ili usifue shuka ni ukatili, hata kama hakuna aliyeinua mkono, na hata kama anayefanya hivyo anajiona ana akili ya maisha.

Nasema hivi kwa sababu nimeshakaa kimya mimi. Zamani, kabla sijawa dada yenu wa kona hii, nilifanya kazi ya ulezi kwenye makao fulani ya watoto, mbali na mkoa huu. Mlezi wa zamu ya usiku alikuwa na sheria yake: aliyekojoa kitandani jana, leo hali. Nilijua. Kuna mvulana alikuwa anaficha mkate chini ya godoro, mimi nikitandika nauona, naurudisha palepale. Nilijiona nina huruma! Miezi miwili. Aliyesema ni mpishi. Hakuwahi kuingia bwenini, ila alihesabu sahani: anapakua 26, zinazorudi na mafuta ni 22. Alipeleka hesabu ile kwa mkubwa wa kituo, hakumtaja mtu, akasema tu sahani nne kila usiku zinarudi safi. Nilikuwa na ushahidi mara kumi kuliko wake, nikakosa ujasiri wa kuhesabu sahani.

Milima hii ina historia ndefu ya kulea. Lutindi, upande wa Korogwe, palianza mwaka 1896 kuwa makazi ya watoto waliotolewa utumwani, baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Irente kuna shule ya watoto wasioona na shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Mabinti wetu wengi mkate wao unatokana na kulea. Lakini wazee wetu Wasambaa hawakudanganyika kwamba mwenye uwezo wa kuponya ana uwezo huo peke yake. Walikuwa na maneno mawili, kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu, na yote mawili waliyatumia kwa mfalme wao yuleyule wa Vugha: anayeleta mvua ndiye anayeweza kuizuia. Mlezi naye ni hivyohivyo. Kikombe kiko mkononi mwake.

Msidhani nawasema wengine. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 na zaidi amefanyiwa ukatili wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja huko huko anakoishi na jamii yake. Na kwenye vituo vya kutunzia wazee, wahudumu wawili kati ya watatu walipoulizwa walikiri wenyewe kwamba wamewahi kutenda. Wawili kati ya watatu! Hao si majini. Ni watu waliochoka, waliopandisha sauti, waliovuta mkono kwa nguvu, waliosema "ngoja kwanza" mpaka mtu akajichafua. Mimi nimo. Kama na wewe umo, mdogo wangu, leo ndiyo siku ya kujiangalia.

Turudi kwa bibi. Nunua daftari. Kila siku andika tarehe, saa na ulichokiona kwa macho: "Jumatatu asubuhi, wakati wa kuoga, alama nne za bluu mkono wa kushoto, moja nyuma yake. Midomo imekauka. Amekunywa vikombe viwili mfululizo." Usiandike "mjukuu kampiga tena", maana hukuwepo. Daftari lilale kwenu, lisilale kwa bibi.

Mkiwa wawili tu, muulize polepole kwa swali ambalo anaweza kulijibu kwa kukubana mkono: kuna mtu anakuumiza? Akijibu, msikilize, usimrudierudie kama wakili. Na usimwapie kwamba hutamwambia mtu yeyote, kiapo hicho kitakufunga. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kusaidia. Bibi ana akili zake, kiharusi kimechukua ulimi na nguvu za upande mmoja tu, hivyo naye aulizwe anataka nini. Tuna tabia mbaya ya kuamua juu ya wazee wakiwa wamelala palepale wanatusikia.

Mjukuu usimvae. Najua hasira unayo, lakini jioni wewe unaondoka na yeye anabaki. Wala usipige picha ukaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Bibi wa watu ataaibishwa, ushahidi utageuka kuwa umbea, na kesi itakugeukia wewe.

Zahanati ndiyo njia yako nzuri ya kuanzia. Mtu wa kiharusi anatakiwa kupimwa presha mara kwa mara, kwa hiyo kumpeleka au kumwita muuguzi hakumshangazi mtu. Muuguzi akimvua sweta ataona alama mwenyewe na ataandika. Hapo mnakuwa wawili, na mmoja ni mtaalamu.

Kisha mpigie mwanawe wa Dar, mchana, ukiwa mbali na nyumba ile. Anza na maji, kwa sababu maji hayana ubishi. Mwambie ulichoona na alichosema muuguzi, usimwambie "mwanao ni katili", ukisema hivyo hatasikia neno la pili. Mwambie pia kinachokosekana, yaani pampasi, mpira wa kutandika juu ya godoro, na mtu wa kupokezana usiku. Nadhani, na naweza kukosea, kwamba kijana yule anafua shuka za bibi yake kwa maji ya baridi mwezi huu wa saba, peke yake, na hakuna aliyemuuliza kama anaweza. Msaada ukija, wengine hubadilika. Ila "amechoka" nisiisikie ikitumika kufunga mazungumzo.

Mwana akipuuza, au alama zikirudi, litoe jambo nje ya familia. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, na kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zipo kwenye vijiji na kata tangu mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza 2017/18, na bibi ni mwanamke, asikwambie mtu kwamba haimhusu. Ukimkuta na jeraha bichi, usisubiri mtendaji arudi kutoka gulioni: apelekwe hospitali, na polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, watoe fomu ya PF3.

Kwa mtoto, yote niliyosema kuhusu kwenda taratibu yafupishe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye serikali ya mtaa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Hayo tulikuwa tunayamaliza vikaoni, kwa mbuzi na kanga. Siku hizi anayembaka mtoto wa kike wa chini ya miaka 10 adhabu yake ni kifungo cha maisha, na hakuna mbuzi wa bei hiyo. Mtoto aliyeingiliwa afikishwe hospitali upesi, asiogeshwe kwanza, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ina thamani. Piga 116, ni simu ya mtoto, hailipiwi.

Mnaoshuka mlima na mabegi, mkafika Mombo kupanda basi la kwenda kulea watoto wa watu mjini, hili linawahusu mara mbili. Mnaweza kuwa mashahidi, na mnaweza kuwa ndio mnaoumizwa: mshahara haulipwi, simu imechukuliwa, baba mwenye nyumba anagonga mlango usiku. Hamkukosea kwa kwenda. Semeni mapema.

Umeniuliza kuhusu kazi, sitakudanganya. Unaweza kuipoteza. Ajira ya mdomo haina nguvu kama ya karatasi, na mwenye pesa anaweza kumwamini damu yake kabla yako. Ndiyo maana nimekutaka upitie kwa muuguzi, sauti isiwe yako peke yako, na uwe na daftari la kukulinda siku mtu akisema alama zile ulizitia wewe. Anayeogesha ndiye wa kwanza kushukiwa.

Kesho asubuhi, kabla hujamvua bibi sweta, mpe kikombe cha maji ya uvuguvugu. Kisha uandike amekunywa kiasi gani. Na uniandikie tena, uniambie muuguzi kasema nini.