Kunawa Mikono Nako ni Kumpenda Jirani



Vijana wenzangu, leo tuongee jambo ambalo wengi tunaona si la kiroho: mikono, kikohozi na kikombe cha maji.

Kwenye semina au kambi ya vijana, ukisema "jamani tunawe kwanza", hakosekani mjanja wa kukujibu kwa Mathayo 15. Eti Yesu alishasema kula bila kunawa hakumchafui mtu, sasa nyie Mafarisayo vipi? Watu wanacheka, sahani zinapita.

Hebu tuisome vizuri. Kunawa walikokutetea Mafarisayo kulikuwa desturi ya wazee ya kujitakasa kidini; hakuna aliyekuwa anazungumzia vijidudu. Na Yesu anawajibu kwa mfano wa baba na mama: mtu anatangaza mali yake ni sadaka kwa Mungu, halafu wazazi wake wanakosa matunzo. Dini imegeuzwa kisingizio cha kumtelekeza mtu wa nyumbani. Sasa wewe unayemtumia Yesu ili usinawe, kisha unarudi nyumbani unampakulia bibi chakula kwa mikono hiyohiyo, jiulize umesimama upande gani wa habari hiyo.

Maana wewe una miaka 20; ukiharisha siku mbili unapona na kusahau. Bibi, au mtoto mchanga, anaishiwa maji mwilini upesi. Kipindupindu kikali kinaweza kuua ndani ya saa chache mtu asipotibiwa, na kinapita kwenye maji na chakula kilichoguswa na kinyesi, mara nyingi kupitia mikono. Sabuni na maji yanayotiririka yanasaidia sana kukata njia hiyo.

Yanayotiririka, nasisitiza. Kwenye jumuiya zetu bado tunapitisha beseni moja, watu kumi wanazamisha mikono, na wa mwisho ananawa uchafu wa tisa. (Na wa mwisho mara nyingi ni mama aliyepika!) Kijana mmoja ashike jagi amimine, mwingine ashike beseni na sabuni. Utumishi huo hauhitaji kikao cha viongozi. Sugua viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde 20 hivi. Baba Yetu moja isiyokimbizwa inatosha, na hapo umesali pia. Na zile ndoo za koki zilizokuwa milangoni mwa makanisa mwaka 2020, kama zenu ziko stoo, zitoeni.

Wanakwaya, chupa moja ikizunguka kuanzia sauti ya kwanza hadi besi, mafua ya mmoja wiki ijayo ni ya kwaya nzima. Kila mtu aje na chupa yake. Kohoa kwenye kiwiko, si kwenye kiganja ambacho baadaye utampa mwenzako amani.

Kifua kikuu ni habari nyingine. Hakiambukizwi kwa kikombe wala kwa kupeana mikono, kinapita kwenye hewa. Kwa hiyo kumtengea mgonjwa sahani yake ni kumwonea bure. Kinachosaidia ni kufungua madirisha ya chumba cha mazoezi. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda kapime. Hapa Tanzania dawa zake kwenye vituo vya serikali ni bure.

Halafu kuna wanaokuja Misa wako hoi kwa homa, wakiogopa dhambi. Katekisimu, namba 2181, inataja ugonjwa kuwa sababu halali ya kukosa Misa ya Jumapili. Baki nyumbani usali.

"Mbona watakatifu hawakuogopa magonjwa?" Kweli. Mtakatifu Aloisi Gonzaga, msimamizi wa vijana, aliwahudumia wagonjwa wa tauni huko Roma, akaambukizwa, akafa mwaka 1591 akiwa na miaka 23. Lakini Aloisi alihatarisha uhai wake kwa ajili ya mgonjwa. Anayekataa kunawa anahatarisha uhai wa mgonjwa kwa ajili ya uvivu wake.

Wiki hii jumuiya yako ikienda kumtembelea mgonjwa, nawa ukifika na nawa ukiondoka. Ukiwa na mafua, mpe mwenzako yale matunda apeleke, wewe piga simu, msali pamoja kwenye simu hiyo.