Donati na Viini Vyake: Tundu la Sentimita 3

Donati ina tundu kwa sababu ya moto. Kipande kinachoelea juu ya mafuta hupata joto kutokea chini na pembeni, na katikati hufikiwa mwisho. Pasipo tundu, ngozi hukolea huku ndani pakibaki pabichi. Hanson Gregory, baharia wa jimbo la Maine, Marekani, alisimulia mwaka 1916 kwamba alilitatua jambo hili mwaka 1847 akiwa kijana melini: alichukua kifuniko cha kopo la pilipili manga akakata nacho tundu katikati ya donati. Hapa tutatumia kifuniko cha chupa ya maji.

Maneno manne yatumike kwa maana hizi tu. Donge ni unga uliokwisha kukandwa. Tundu ni nafasi iliyo wazi katikati. Kiini ni kipande kidogo kinachotoka tundu linapokatwa. Donati ni pete inayobaki.

Vifaa: mizani ya jikoni, rula, kipimajoto cha mafuta, kifimbo cha kusukumia chapati, glasi yenye mdomo wa sentimita 8, kifuniko safi cha plastiki chenye upana wa sentimita 3, karai, mwiko wa matundu, koleo, waya wa kuchujia, na vipande 12 vya karatasi ya kuokea, kila kimoja sentimita 10 kwa 10. Toboa kifuniko juu kwa msumari ili hewa ipite. Bila hivyo kiini hunasa ndani.

1. Pima unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 60, hamira ya papo hapo gramu 7, chumvi gramu 6, kungumanga ya unga robo kijiko cha chai, siagi laini gramu 60, mayai 2 na maziwa mililita 200. Usikisie kwa kikombe.

2. Pasha maziwa hadi nyuzi 38. Yakizidi 50, yaache yapoe, kwani huenda yakaua hamira.

3. Changanya vitu vikavu kwanza, kisha maziwa na mayai, hadi usione unga mkavu.

4. Kanda dakika 5, ongeza siagi kidogo kidogo, kisha kanda dakika 10 zaidi. Donge hili hunata kuliko la chapati, usiliongezee unga. Hakiki: vuta kipande kidogo kwa vidole. Kikitanuka hadi mwanga upenye bila kuchanika, donge liko tayari. Kikichanika, kanda dakika 3 kisha hakiki tena.

5. Funika donge kwenye bakuli lililopakwa mafuta hadi liwe maradufu. Mahali penye joto la nyuzi 28 huchukua takriban saa 1. Fuata ukubwa wa donge. Saa ni makadirio tu.

6. Sukuma donge kwenye kibao chenye unga kidogo hadi unene wa sentimita 1.2. Pima kwa rula mahali panne. Donge likijirudi, liache dakika 5 kabla ya kuendelea; ukilikata likiwa limekaza, miduara itageuka umbo la yai.

7. Kata miduara kwa glasi iliyochovywa unga. Bonyeza wima na usizungushe, kwa kuwa kuzungusha hubana kingo na kuzizuia kuumuka sawasawa.

8. Hamisha kila mduara juu ya karatasi yake, ndipo ukate tundu. Mpangilio huu ni wa lazima: mduara mzima huhama bila kupinda, pete hupinda. Pima kutoka ukingo wa tundu hadi ukingo wa nje; pande zote zisome sentimita 2.5. Usipunguze kipimo cha tundu. Tundu husinyaa mara mbili, donge linapoumuka na linapoingia kwenye mafuta, na la sentimita 1.5 huweza kuziba kabisa. Weka viini kwenye sinia lenye unga. Utapata takriban donati 12 na viini 12, mbali na mabaki.

9. Funika kwa kitambaa chepesi dakika 30 hadi 45. Hakiki: bonyeza ubavu kwa ncha ya kidole. Alama ikirudi upesi, ngoja dakika 10. Ikirudi polepole na kubakiza kibonyeo kidogo, endelea. Isiporudi, kaanga mara moja.

10. Pasha mafuta yenye kina cha sentimita 6, yasiyozidi nusu ya karai, hadi nyuzi 180. Usiondoke jikoni kuanzia hapa.

11. Kaanga kiini kimoja peke yake. Hiki ndicho kipimo chako cha mwisho kabla ya kutia donati. Kikiwa kahawia kabla ya sekunde 40, punguza moto. Kikichukua zaidi ya dakika 2, ongeza. Kipasue, kikiwa kimeiva ndani, endelea.

12. Kaanga donati 3 kwa pamoja. Telezesha kila moja na karatasi yake, kisha toa karatasi kwa koleo. Sekunde 60 hadi 75 kila upande, geuza mara moja tu. Soma kipimajoto kabla ya kila mkupuo. Donati iliyoumuka vyema huwa na mstari mweupe ubavuni; usipouona, zipe zilizobaki kwenye karatasi dakika 10 zaidi za kuumuka.

13. Kaanga viini vilivyobaki mwishoni, 6 kwa mkupuo, takriban sekunde 90. Usichanganye na donati, kwa sababu muda wake si mmoja. Vikoroge bila kukoma: kiini hupenda kujirudisha upande uleule na kuungua nusu.

14. Chuja donati juu ya waya dakika 5. Koroga sukari laini ya kupambia keki gramu 200 na maziwa mililita 40, chovya uso wa kila donati, kisha iache dakika 20 ikauke.

15. Kabla ya kupamba donati, viringisha viini vikiwa bado vya moto kwenye sukari gramu 60 iliyochanganywa na mdalasini kijiko 1 cha chai. Andaa viini kwanza mezani; kwa udogo wake hukauka kabla ya donati.