Gurudumu la Nyuma Likikaa Upande: Mwongozo kwa Wenye Pikipiki wa Tabora

Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi alitembea kutoka Tabora hadi pwani akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Leo ukitoka mjini kwenda Kwihara, Sikonge au Urambo utakutana na pikipiki zilizobeba gunia la mkaa, madumu ya asali au robota la tumbaku, na uzito wote umelalia nyuma. Kwenye mchanga na mashimo ya njia za vijijini, cheni hulegea upesi. Dereva huikaza haraka, na hapo ndipo gurudumu la nyuma linapoanza kukaa upande.

Sababu ni hii: cheni hukazwa kwa kuvuta ekseli ya nyuma kwa skrubu mbili, moja kila upande. Ukivuta moja kuliko nyingine, gurudumu halitazami tena mbele sawasawa. Dalili zake zinaonekana: meno ya sproketi yanalika ubavuni, tairi linaisha upande mmoja, na pikipiki inataka kuvuta upande hata barabara ikiwa tambarare. Kwenye mchanga mzito, ukiwa na abiria, inakuwa hatari.

Kwenye fremu, karibu na kila skrubu, kuna alama za mistari. Wengi huzitegemea hizo tu. Mimi nasema zitumie kuanzia, si kumalizia, kwa kuwa fremu iliyowahi kuanguka au bushi zilizolika zinaweza kuzifanya zidanganye. Kipimo cha kuaminika ni uzi mrefu usiovutika, na gharama yake ni ndogo mno.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mahali palipo sawa. Legeza nati ya ekseli. Kama ina pini ya kuifunga, itoe kwanza. Legeza pia nati ya mkono unaozuia sahani ya breki isizunguke. Kisha weka ulegevu wa cheni kwa skrubu ya upande wa cheni. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hutaka cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati ya sehemu yake ya chini, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata. Zungusha gurudumu na upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni iliyochakaa hukaza mahali pamoja na kulegea pengine. Pimia pale inapokaza zaidi.

Sasa uzi. Uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, juu kadiri inavyowezekana bila kugusa stendi wala bomba la moshi, kisha vuta ncha zote mbili hadi mbele ya gurudumu la mbele. Kila uzi uguse kidogo tu ukingo wa mbele wa tairi la nyuma. Weka usukani sawa. Tairi la mbele kwa kawaida ni jembamba zaidi, kwa mfano 2.75 mbele na 3.00 nyuma, kwa hiyo utaona nafasi ya milimita 3 hivi kila upande. Nafasi zikilingana, gurudumu limenyooka. Zisipolingana, upande wenye nafasi ndogo ndio unaovutwa nyuma, au upande wa pili ulegezwe kidogo. Tumia skrubu ya upande usio na cheni ili usiharibu ulegevu uliokwisha kuuweka. Geuza kidogo kidogo, robo mzunguko, na upime tena.

Kaza nati ya ekseli, kisha upime kwa mara nyingine, maana kukaza kunaweza kusogeza gurudumu. Rudisha pini. Nati ya mkono wa breki isisahauliwe kabisa: ikibaki legelege, sahani inaweza kuzunguka na kuling'ang'aniza gurudumu ukiwa mbioni. Gurudumu likisogea nyuma, breki ya mguu pia hubadilika; irekebishe kabla ya kuondoka. Cheni ifutwe vumbi kabla ya kupaka oili, kwa kuwa mchanga ukichanganyika na oili unasaga chuma.

Wenye pikapu na Land Rover za zamani wana tatizo linalofanana. Bolti ya kati ya springi za majani ikikatika, au yubolti zikilegea, ekseli husogea upande mmoja na gari hutembea mshazari. Hapo pima umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kila upande, kwa utepe.

Kama uzi bado unaonyesha upande hata baada ya kurekebisha, au gurudumu linacheza ukilitikisa kwa mkono, usipakie abiria. Peleka pikipiki kwa fundi akague bushi, beringi na fremu kwanza.